Kampeni na mahubiri kwenye mikutano ya walioacha unga na pombe: tuzuie kabisa au tuachie busara?

#1 MzeeWaTandika

Wakuu, salamu.

Nasaidia kuongoza kikundi cha watu walioacha, au wanaohangaika kuacha, unga na pombe upande huu wa Temeke. Tunakutana jioni, tunakaa duara, mtu anashea, wengine wanasikiliza, hakuna kukatizana. Tunafuata hatua kumi na mbili kama NA (Narcotics Anonymous, vikundi vya waraibu wa dawa za kulevya wanaosaidiana kuacha). Karatasi tunayosoma tukifungua mkutano inasema hatufungamani na dhehebu wala chama chochote.

Karatasi ndiyo inasema hivyo. Sasa hivi karibuni yametokea mawili. Mwenzetu mmoja ameokoka, na ilipofika zamu yake ya kufunga mkutano akatushikisha mikono akaanza kukemea pepo wa heroini kwa jina la Yesu, kwa sauti ya mkesha, karibu robo saa. Kwenye duara alikuwepo kijana mgeni, Muislamu, ndiyo mara yake ya kwanza, arosto (maumivu ya kukosa unga) bado inamtetemesha, mama yake amekaa nje kwenye benchi anamsubiri. Hajarudi tena.

La pili, mwenzetu mwingine alileta fulana za mgombea udiwani akagawa. Fulana nzuri, na wengi wetu nguo za maana hatuna. Mkutano uliofuata nusu ya duara ilikuwa rangi moja. Wawili wa chama kingine walikaa karibu na mlango na hawakufungua mdomo.

Msimamo wangu ni kwamba vyote viwili vizuiwe. Ukivuka mlango wa mitingi, chama chako na dini yako vibaki moyoni mwako. Wenzangu wanasema naua roho ya kikundi. Nyie mliopita huko mnaonaje? Naomba kuwasilisha.

#2 Nyuki_Mkali

Nimeweka kambi hapa.

#3 MlokoleHalisi

Mzee wangu, heshima yako. Lakini unataka kumfukuza kwenye kikao Yule aliyewatoa watu kuzimu.

Mimi nimelala magetoni, nimeiba hadi sufuria ya mama ikiwa na maharage ndani. Nikapelekwa hospitali. Nikapelekwa kijijini, nikafungiwa chumba cha nje, nikatoboa ukuta wa udongo nikarudi mjini. Kiu ilianza kupungua siku nilipoongozwa sala ya toba. Ukiniambia nishee maisha yangu bila kumtaja Yesu, unaniambia nidanganye, na nilivyoelewa mimi kitu cha kwanza mnachotaka kwenye hayo mazingira ni ukweli.

Halafu tusizungushane. Hatua ya pili inataja nguvu iliyo kuu kuliko sisi. Ya tatu inamtaja Mungu waziwazi. Ya saba tunamwomba atuondolee mapungufu. Kama hiyo siyo dini ni nini?

#4 Kibaraza_Unguja

Mtumishi hapo juu, kushea na kuhubiri ni mambo mawili mbalimbali. Mwenye kushea anasimulia yake: mie nlifanya hivi, mie nlisaidiwa na hichi. Mwenye kuhubiri anatuelekezea sie kidole. Sema Yesu amekuokoa, hakuna atakayekukataza. Ukianza kukemea pepo aliyemo ndani ya mtoto wa mtu ambaye hata jina lake hujamuuliza, hapo umeshatoka kwenye habari yako umeingia kwenye yake.

Hili la siasa nalijua vizuri. Kwa asiyeijua Unguja, hapa hata baraza la kahawa lina chama chake. Watu hawazikani kwa sababu ya chama. Mie nlikuwa nimo ndani ya soba hausi, nyumba ya kuachia unga, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa tarehe 28, na nlikuwa nimo bado mpaka marudio ya Machi 20, 2016. Chumba kimoja tulilala mtu wa maskani ya Kisonge, kada haswa wa CCM, na mwengine ambaye kabla hajalemewa na unga alikuwa akishinda Mtendeni kwenye ofisi za CUF. Vitanda vyao vilitazamana.

Msimamizi wa nyumba hakutoa hotuba. Aliichukua redio akaitia kabatini akafunga kufuli. Simu zilikuwa hazimo tangu mwanzo kwa kanuni za nyumba. Akasema nje ya geti kila mtu ana haki na nchi yake, humu ndani aulizwe jana alilalaje. Huko mitaani watu hawasalimiani, na sie ndani tunagombania zamu ya kuosha masufuria. Wale wawili mpaka leo wako hai na wanatembeleana. Kwa hiyo mie niko na Mzee: siasa nje kabisa. Dini nnaipa nafasi kidogo.

#5 Barafu_Toronto

Hii kanuni ina historia ndefu na si watu wa Temeke walioibuni. Baltimore, Marekani, mwaka 1840, walevi sita waliokuwa wakinywa baa moja waliamua kuacha pamoja wakajiita Washingtonians. Walikuwa wanasimuliana tu maisha yao, kama mnavyoshea. Ndani ya miaka michache watu kwa maelfu waliweka ahadi ya kuacha. Abraham Lincoln mwenyewe alihutubia tawi lao la Springfield Februari 22, 1842, kabla hajawa rais.

Kisha vikaanza kuingia vingine. Huyu anataka kikundi kiunge mkono sheria ya kupiga marufuku pombe, yule anataka kizungumzie utumwa, mhubiri ambaye hajawahi kulewa anataka jukwaa. Muongo ule haukwisha kabla harakati yenyewe haijasambaratika.

AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha) walianza 1935 huko Akron, Ohio, na habari za Washingtonians walizisoma. Kanuni zao kumi na mbili za umoja zilichapishwa mara ya kwanza 1946, zikapitishwa kwenye mkutano wao mkuu Cleveland mwaka 1950. Ya kumi inasema AA haina maoni juu ya mambo ya nje, ili jina lake lisiburutwe kwenye mabishano ya hadharani. NA walipoanza California 1953 wakazichukua hizohizo.

#6 Mwalimu_Kibao

Barafu umefafanua vizuri, ila umeruka kipande na kingine umekirahisisha.

Ulichoruka ni Oxford Group. AA ilizaliwa ndani ya kikundi hicho cha Kikristo na hatua nyingi zimetoka humo: kukiri, kulipa ulichoharibu, kumwomba Mungu akuongoze. Mkuu wao, Frank Buchman, mwaka 1936 aliliambia gazeti la New York kwamba anamshukuru Mungu kwa kuwepo mtu kama Hitler. Fikiria wewe ni mlevi unajaribu kupona halafu kikundi chako kinasomwa hivyo magazetini. Walevi wa New York walijitenga nao 1937, wa Akron wakafuata 1939. Kwa hiyo wao waliungua mara mbili, kwa siasa na kwa dini, tena kwenye nyumba moja.

Ulichorahisisha ni kifo cha Washingtonians. Siasa ilichangia, lakini pia hawakuwa na kitu cha kufanya baada ya kuweka ahadi. Hakuna hatua, hakuna sponsa (mwenzako aliyetangulia kuacha anayekushika mkono), unasaini halafu basi. Wengi wakahamia vyama vingine vya kujizuia pombe. Usije ukamwambia Mzee kikundi chake kitakufa kwa fulana.

Na kwa fulana zenyewe, Mzee, kanuni iliyovunjwa hapo ni ya saba kabla ya ya kumi. Ya saba inasema kikundi kijitegemee na kikatae michango ya nje. Hata zingekuwa fulana nyeupe tupu kutoka kwa diwani mzuri kuliko wote, zilipaswa kurudi.

#7 SimbaDamu

Siasa na dini mnazionea bure. Kikundi chetu Mbagala kilivunjika kwa Simba na Yanga. Nasema kweli. Jamaa alishea kwamba alirudi kwenye kete (kipakiti cha unga) baada ya timu yake kufungwa, mwingine akacheka. Kumbe aliyecheka ni wa upande wa pili. Viti vilirushwa.

#8 Nyuki_Mkali

@SimbaDamu na wewe na jina hilo ulikuwa upande gani? 😂

#9 SimbaDamu

Nilikuwa natenganisha watu! Lakini fikirieni nilichosema. Kilichotuumiza siyo mada, ni kucheka mtu anaposhea. Kama kanuni ya kutokatizana na kutojibizana ingeshikwa, hata mpira ungepita salama. Huwa tunazuia mada kwa sababu hatuwezi kuwazuia watu wasijibizane.

#10 Dada_Mkweli

Wanaume mmeongea vya kutosha, sasa nisikilizeni.

Mwanamke anayetumia unga mkutano wa kwanza haji kwa miguu yake, anakuja kwa kujikokota. Mimi nilikaa nimejifunika mtandio mpaka machoni. Kwenye duara la watu zaidi ya ishirini tulikuwa wanawake wawili. Baba mmoja, mtu wa msikitini, tena mtu mwema maana ndiye aliyekuwa akituchemshia chai, akashea kwamba dunia imeharibika kwa sababu siku hizi hata wanawake wanavuta. Hakuniangalia wala hakunikusudia. Yule mwenzangu aliinuka akatoka, na mimi nilibaki kwa sababu sikuwa na nauli ya kuondoka peke yangu gizani.

Nimewahi kukaa pia kwenye nyumba ya kanisa ya maombi. Huko niliambiwa niungame mbele ya wote nilivyokuwa napata hela ya kete. Wanaume hawakuulizwa hilo.

Kwa hiyo mnapobishana kama dini inaponya, ndiyo, inaponya, na mimi nasali. Ila anapoongea dini mbele ya watu mara nyingi ni mwanaume, na anayeongelewa ni mimi. Mimi ningependa kizuizi kiandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Hiyo busara mnayotaka kuiachia itakuwa ya nani?

#11 MzeeWaTandika

Dada, asante. Hilo nitalisoma kikundini kama lilivyo ukiniruhusu.

#12 UstadhWaMtaa

Assalaam alaykum. Dada hapo juu amesema ukweli mchungu na sisi wenye vilemba tuusikie.

Ila nisahihishe dhana moja inayopita humu, kwamba Muislamu hawezi kukaa kwenye hatua kumi na mbili kwa sababu zina asili ya Kikristo. Iran ni miongoni mwa nchi zenye mikutano mingi zaidi ya NA duniani, na hiyo ni nchi ya Kiislamu kwa katiba. Ile sala ya utulivu mnayosoma mwishoni ilitungwa na mwanateolojia wa Kiprotestanti wa Marekani, Reinhold Niebuhr, na mimi naisoma bila tatizo, kwa sababu ninayemwomba namjua.

Kwa anayetaka dini yenyewe iwe dawa, njia yake ipo. Waislamu wa Baltimore walianzisha Millati Islami mwaka 1989, hatua kumi na mbili zilizopangwa upya kwa misingi ya Uislamu. Wakristo wa California wana Celebrate Recovery tangu 1991. Mombasa wapo MEWA, jumuiya ya Kiislamu yenye kituo chake cha matibabu. Mlokole afungue cha kwake, mimi nifungue cha kwangu baada ya Isha, na cha Mzee kibaki cha wote. Tatizo ni kumchanganyia mtu bila kumuuliza.

Na wazazi wanaosoma hapa: msifikirie kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa aya) na kisomo peke yake vitamaliza arosto. Kijana wa jirani yangu alinyweshwa kombe wiki nzima huku anatapika na kuharisha, mpaka akaishiwa maji mwilini. Soma Qur'ani, na zahanati mpeleke.

#13 BintiLikoni

Natoa maoni kutoka Pwani ya Kenya, na nitawaudhi.

Nyinyi mwasema siasa ni jambo la nje. Kwetu unga ndio siasa yenyewe. Disemba 2010 waziri wa usalama wa ndani alisimama Bungeni Nairobi akasoma majina ya wabunge waliokuwa wakichunguzwa kuhusu biashara ya dawa za kulevya. Wabunge! Wale wanaochanga harusini na misikitini kwetu. Ndugu yangu amezikwa. Mwanamke aliyempoteza ndugu akija mkutanoni akasema jina la anayeuza mtaani na jina la askari anayekuja kuchukua chake kila Ijumaa, mtamwambia hiyo ni siasa anyamaze?

Hii kanuni imeandikwa na watu ambao kwao polisi akikukuta na sindano mfukoni kuna wakili. Kwetu askari wenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Mkizuia siasa mwamlinda muuzaji, na mraibu aendelea kujiona ni yeye peke yake mwenye dhambi.

#14 Mshonaviatu

@BintiLikoni nakuelewa, ila mimi naona sababu ileile inageuka upande wa pili. Februari 2017 Dar, mkuu wa mkoa wa wakati ule alitaja hadharani majina ya wasanii, kisha orodha ya pili ikawa na kiongozi wa upinzani, mchungaji maarufu na mfanyabiashara mkubwa, wote wanatakiwa wafike polisi. Nchi nzima ikagawanyika. Huyu anasema ni vita ya kweli, yule anasema ni kukomoana.

Siku zile kwenye kikundi chetu kila aliyefungua mdomo alianza na majina. Hakuna aliyeshea kuhusu yeye mwenyewe. Na kilichonitisha zaidi, tulianza kuangaliana: huyu mgeni ni mraibu kweli au katumwa? Jamaa watatu waliokuwa wanakuja kila mara walipotea kwa sababu hiyo tu. Sisi tulizuia siasa kwa woga, na sioni aibu kuusema huo woga. Kinachosemwa kwenye duara kikitoka nje mtu analala mahabusu.

#15 BintiLikoni

Basi tuseme ni woga, tusiseme ni hekima ya AA ya 1950.

#16 Kibaraza_Unguja

Dada Likoni, hasira yako ina haki yake. Lakini mimi nnaijua akili ya teja kwa sababu nnayo. Akitafuta sababu ya kurudi kwenye unga, hana sababu tamu kama kudhulumiwa. Serikali imeniangusha, chama kimenisaliti, polisi wamenionea, basi nipe kete. Yote yanaweza kuwa kweli na bado kete ikamuua. Mkutano ni saa moja na nusu. Hizo saa nyengine zote za siku kaandamane, nami ntakuja.

#17 ChaiYaLimuru

Habari zenu. Huku kwetu ni chang'aa na pombe za bei rahisi, unga si sana. Nawapa mfano wa siasa kuingia mzima mzima.

Mwaka 2018 kaunti ya Kiambu ilianzisha mradi ulioitwa Kaa Sober. Walevi wanakusanywa, wanapewa kazi za kufagia na kuzibua mitaro, Sh400 kwa siku. Gavana anakuja, anapigwa picha nao. Siwezi kusema haukusaidia mtu. Nina binamu yangu aliyenunua viatu vya kwanza vya ngozi kwa hiyo pesa na akakaa bila pombe muda mzuri. Lakini ulikuwa mradi wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe Seneti ilimwondoa Januari 2020 kwa mambo mengine kabisa. Waliokuwa wamezoea kuacha pombe kwa ajili ya posho na jina la gavana walibaki wakitafuta sababu nyingine ya kuacha.

Mkutano wangu wa AA tuko kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Tunalipa kodi ya ukumbi wenyewe, shilingi chache kutoka kwenye kofia inayopitishwa. Padri mwenyewe alitaka kutupa bure, tukakataa. Tunamheshimu, na hatudaiwi kitu. Mwalimu Kibao hapo #6 amegonga penyewe, ishu ni pesa. Ukishakula cha mtu, hata asipoongea utaongea wewe kwa niaba yake.

#18 MlokoleHalisi

Nimesoma yote. Kibaraza, hoja yako ya kusimulia yangu na kuelekeza kidole nimeichukua. Ustadh, hilo la kikundi baada ya Isha nimelipenda, na sisi tutafanya chetu Jumapili jioni.

Lakini nabaki na swali ambalo hamjalijibu. Kijana yule wa Tandika alikimbia maombi. Sawa. Je, wangapi wamekimbia kwa sababu walikuja wakiwa na kiu ya Mungu wakakuta watu wanaogopa kumtaja? Hao hatuwahesabu kwa sababu wanaondoka kimya.

#19 Barafu_Toronto

Kinyume chake pia kipo. Hapa Toronto mwaka 2011 ofisi inayounganisha vikundi vya AA iliondoa kwenye orodha vikundi viwili vya watu wasioamini, kwa sababu walikuwa wanasoma hatua bila neno Mungu. Kesi ikafika kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario, na 2017 vikarudishwa.

Na New York mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba gereza haliwezi kumnyima mfungwa haki ya familia kumtembelea na kukaa naye eti kwa sababu amekataa programu iliyojengwa juu ya AA. Majaji walisema programu hiyo ina sura ya dini. Kwa hiyo AA wanasema wao si dini, mahakama inasema ina dini ndani yake. Mlokole na majaji wa New York mko pamoja kwenye hilo.

#20 Nyuki_Mkali

Wasioamini kabisa huku kwetu wapo? Temeke nzima?

#21 Kunguru_Mweusi

Wapo, mimi hapa. Siyo kwa kiburi. Nilisali sana mwanangu akiwa ICU na sikujibiwa, baada ya hapo nikaacha kusali. Nilipofika kwenye mkutano wa kwanza niliambiwa nguvu kuu inaweza kuwa kikundi chenyewe. Sponsa wangu ni mzee wa kanisa, anajua, na hajawahi kunigusia. Siku nikiwa na kiu usiku nampigia anakuja na pikipiki yake tunakaa kibarazani tunaongea mambo ya kuku wake. Hiyo "kama tunavyomwelewa" iliyowekwa kwenye hatua ya tatu ilipiganiwa na walevi wasioamini wa miaka ile ya 1930, na kwa kuwa waliipigania mimi nimepata pa kukaa.

Hapa jukwaani nimeandika, kwenye duara sijawahi kusema. Katika nchi yetu kusema huamini ni vigumu kuliko kusema ulikuwa unakula unga.

#22 MlokoleHalisi

@Kunguru_Mweusi pole kwa mtoto, ndugu yangu. Sitaongeza neno.

#23 Mwalimu_Kibao

Kuna mtu atakuja hapa na Katiba, ibara ya 3, nchi isiyokuwa na dini. Nimtangulie: hiyo inaihusu serikali. Kikundi cha watu wanaokutana kwa hiari kinaweza kusali kikitaka. Hapa mnaamua wenyewe mnavyotaka kuwa, hakuna sheria ya kujificha nyuma yake.

#24 Muuguzi_Kliniki

Mimi nahudumu kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga. Tanzania tulianza Muhimbili mwaka 2011, na wagonjwa wangu wanakuja kila siku kunywa dozi dirishani. Swali langu kwa wote mnaosema "mambo ya nje yabaki nje": mbona methadoni mnaijadili? Wagonjwa wangu wanakwenda mikutanoni wanaambiwa hawako klini, wamehamisha tu uraibu kutoka kwenye kete kwenda kwenye kikombe. Wengine hawaruhusiwi kushea, wanaambiwa wasikilize tu. Hayo ni maoni ya kitabibu kutoka kwa watu wasio matabibu. Mmoja aliacha dozi ghafla ili akubalike kwenye kikundi. Tulimpata siku ya nne, amerudi kwenye sindano.

Mnaogopa fulana ya diwani kuliko hili?

#25 Kibaraza_Unguja

Dada muuguzi, hapo kuna ugumu. NA tangu zamani msingi wake ni kuacha dawa zote. Mtu wa methadoni anakaribishwa, hakuna wa kumtoa, ila kuongoza mkutano ni suala la kila kikundi. Hiyo mie siiiti maoni ya nje, ndiyo kiini cha...

#26 Muuguzi_Kliniki

Kiini kinachomfanya mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa hakiwezi kuwa kiini.

#27 SimbaDamu

Mimi nipo kwenye methadoni na ni mwaka sasa sijaiba simu ya mtu. Niiteni mnavyotaka.

#28 Mshonaviatu

@SimbaDamu hongera sana kaka. Ila Muuguzi, na sisi tuelewe. Kuna waliokuwa wanakunywa dozi asubuhi na jioni wanaongeza vidonge juu, halafu wanakuja kusinzia kwenye duara. Mgeni akimuona aliyesinzia anapata hamu. Siyo kila anayelalamika ana chuki.

#29 Msimamizi

Wakuu, mjadala wa methadoni nimeufungulia uzi wake, mabandiko mapya ya mada hiyo yapelekwe huko. Hapa turudi kwenye siasa na dini. Pia naomba tusitaje vituo wala watu binafsi kwa majina.

#30 BintiLikoni

Mwaona? Hata humu twahamishiwa mada.

#31 MzeeWaTandika

Wakuu, nimefaidika. Kikundi kimekaa. Fulana zimerudishwa isipokuwa nne ambazo wenyewe walishazikata mikono kufanyia kazi ya gereji, hizo tumeziacha. Kuhusu kufunga mkutano tumekubaliana sala ya utulivu tu, kila mtu kwa sauti yake ya kawaida, na mwenye maombi marefu anayafanya baada ya viti kurudishwa. Wawili wamepinga na wamesema wataleta tena hoja. Neno la Dada_Mkweli limebandikwa ukutani.

Hoja ya BintiLikoni ya muuzaji na askari haikupata jibu. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Limebaki moja. Chumba tunachotumia ni cha ofisi ya serikali ya mtaa, bure, na ukutani kuna kalenda ya chama yenye picha kubwa ya mwenyekiti. Si yetu. Tuitoe kila tukikutana na kuirudisha, au?

#32 ChaiYaLimuru

Kalenda si shida. Shida ni hiyo "bure". Anzeni kulipa hata elfu mbili, na mdai risiti.

#33 Nyuki_Mkali

Na risiti iandikwe jina la nani, wakati hamtaji majina?

#34 ChaiYaLimuru

"Kikundi cha Alhamisi." Sisi ndivyo tunavyofanya.

#35 UstadhWaMtaa

Kalenda igeuzeni iangalie ukuta, mkimaliza mwigeuze tena. Ila muulizeni mwenyekiti kwanza, asije akaikuta siku hiyo akadhani ni fitina.